Siku Zilizohama

Chini ya hoteli tuliyofanyia kazi kulikuwa na chumba cha kufulia kisicho na dirisha hata moja, na humo ndimo nilimojuana na Madoa. Hilo silo jina alilopewa na wazazi wake. Tulimwita hivyo kwa sababu hapakuwa na doa lililomshinda: mvinyo, wanja, kutu, rangi ya viatu, damu. Mimi nilikuwa wa pasi, na jina langu likawa hilohilo, Pasi. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja, kwa hiyo kwa miaka minne tulishika pembe sisi wawili, yeye huku mimi kule, tukikutana katikati na kuachana, maneno yakipita juu ya shuka. Karibu yote nitakayosimulia niliyapata hivyo. Kipande kimoja nilikiona kwa macho yangu, na hicho ndicho ambacho hadi leo sipendi kukikumbuka nikiwa peke yangu.

Madoa alikuwa na miaka thelathini na moja. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Waliishi na mama wa huyo mume, mjane aliyekuwa akiukaribia mwaka wa sitini, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo wa saruji kwa nyuma. Mtoto walikuwa hawajapata. Walikuwa wameanza kumtafuta mwaka uleule, na kila mwezi Madoa alihesabu siku zake asikosee hata moja. Alinitania kwamba tumbo lake lina saa, na kwamba msimamizi wetu angeweza kupangia zamu kwa kulitazama.

Uvimbe aliukuta kazini. Alikuwa amekumbatia furushi la taulo zilizolowa, kitu kigumu kama kokwa kikambana upande wa kushoto wa kifua. Alidhani ni kifungo cha nguo. Alipoweka taulo chini, kifungo hakikuwepo, lakini ule ugumu haukuondoka.

Ilikuwa saratani. Hospitali walimpasua, wakautoa, wakampangia dripu sita za dawa, moja kila wiki tatu. Kabla ya dripu ya kwanza daktari, mwanamke ambaye Madoa aliapa ni mdogo kuliko yeye, alimuuliza jambo ambalo hakulitarajia: kama bado ana nia ya kuzaa. Kisha akamweleza taratibu. Dawa ya dripu inapiga chochote kinachokua haraka, nywele, utando wa mdomo, na inaweza kuyapiga hata mayai ya uzazi. Siku zake huenda zikakatika. Kwa wanawake wa umri wake mara nyingi hurudi, baada ya miezi kadhaa au mwaka. Kwa wanaokaribia arobaini mara nyingi hazirudi. Kwa mtu mmoja mmoja hakuna awezaye kuapa. Ipo sindano ya tumboni, kila baada ya siku ishirini na nane, ya kuilaza mifuko ya mayai ili dawa iipite ikiwa usingizini. Si kinga kamili, bali ni afadhali. Na akamwonya asijidanganye: mwanamke anaweza kukaa miezi bila kuona siku na bado akashika mimba, na mimba katikati ya dripu ni balaa.

“Zikilala usihesabu zimekufa,” daktari alimwambia. “Na usihesabu ziko macho.”

Zikalala. Baada ya sindano ya pili, siku yake ilifika na haikuleta kitu. Madoa aliniambia ilikuwa kama kukaa kwenye nyumba ambayo friji limezimwa: ulikuwa hulisikii, mpaka liliponyamaza. Badala yake likaja joto. Lilianzia kifuani ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa mashine ya kukaushia, likampanda usoni, akalowa chapachapa mchana kweupe, kisha likamwacha anatetemeka. Alikuwa amepewa likizo ya ugonjwa, lakini alikuja kazini kunisalimia kila alipopata nguvu. Alikaa kwenye kikapu cha foronya kichwa kimefungwa kitambaa, akanisimulia.

Mara ya kwanza jambo lenyewe kutokea ilikuwa siku ya sindano ya tatu. Hospitali siku hiyo haikuwa na foleni, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mume alikuwa kazini. Mlango wa chumba cha mama mkwe ulikuwa umefungwa, akadhani mama amelala. Akavua viatu asimwamshe, akajilaza. Nje kulikuwa na ule ukimya wa saa sita, ambapo hata kuku wa jirani wanatafuta kivuli.

Ndipo akasikia mtu anafua uani.

Si sauti ya kufua ndiyo iliyomtisha. Ni mkono. Msuguo mara tatu, kimya kidogo, msuguo mara tatu, kimya. Madoa alikuwa ameisikia sauti hiyo maisha yake yote kutoka upande wa ndani. Ni yeye peke yake aliyekuwa akifua damu namna hiyo: anasugua, anasubiri chumvi ifanye kazi, anasugua tena. Akalala pale, mikono yake miwili ikiwa juu ya tumbo lake, akausikiliza mkono wake ukifua nje.

Alipojikokota hadi uani hakukuta mtu. Saruji ilikuwa imelowa. Beseni limepinduliwa juu chini. Kwenye kamba palikuwa na kitambaa kimoja cheupe kilichokunjwa mara mbili, kinadondosha maji. Alikigeuza. Mtu mwingine asingeona kitu, lakini yeye aliona ule mzingo hafifu, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, ambao damu huuacha baada ya kutoka. Kilikuwa kimefuliwa kwa maji baridi, vizuri, kama ambavyo angefua mwenyewe. Alikwenda chooni akajikagua. Alikuwa mkavu kama karatasi.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Alipotoka tena jioni kamba ilikuwa tupu.

Siku zilizofuata alianza kuona vitu. Kwenye kiti cha dirishani, ambacho ndicho alichopenda kukalia, alikuta mto umegeuzwa, na upande wa chini una unyevu wa duara. Pakiti ya pedi aliyoiacha kabatini miezi mitatu nyuma, ambayo hakuwa na kazi nayo tena, ilikuwa imebaki moja. Chumvi iliisha jikoni kabla ya wakati wake. Na yeye tumbo lilikuwa linamkata, kwa chini, pale palepale pa zamani, bila tone la kitu. Alimweleza muuguzi habari ya kukatwa na tumbo, akijaribu kuifanya kama mzaha. Muuguzi alimwambia maumivu madogo si ajabu, alale, anywe maji, na asishangae akiwa msahaulifu. Dawa hizi, alisema, zinaweza kumfanya mtu aweke funguo ndani ya friji na asikumbuke.

Neno hilo la usahaulifu ndilo lililomharibia kabisa. Maana sasa alianza kudhani ni yeye. Huenda anavuja damu, anafua, anaanika, kisha anarudi kitandani na kusahau yote, na anayesikiliza ni mtu mwingine ndani yake. Alinusa mikono yake. Ilinuka sabuni. Lakini mikono yetu sisi hunuka sabuni hata sikukuu.

“Pasi,” aliniambia, “nikikuambia siku zangu hazijakatika, ila zimehamia kwingine, utaniona nimerukwa na akili?”

Nilimwambia sitamwona hivyo. Sikumwambia kwamba nywele zilikuwa zimenisimama.

Mara ya pili ilikuwa siku ya sindano ya nne. Tena mchana, tena nyumba kimya, tena mara tatu na kimya. Safari hii hakwenda uani. Alibaki kitandani akiwa ameuma shuka, na alipotoka baada ya saa nzima alikuta vitambaa vitatu kwenye kamba vimepangwa kwa ukubwa. Mama mkwe alitoka chumbani mwake akipiga miayo, akamuuliza kama sindano imemuuma, akamkorogea uji. Madoa alimtazama akikoroga na kuona amekonda. Alidhani ni kwa ajili yake, kwa wasiwasi wa kuuguza. Mama mkwe huyo hakuwa mtu wa maneno makali. Walipendana kwa namna ya watu wanaopisha njia jikoni bila kuambiana.

Sindano ya tano nilimsindikiza. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na yeye ndiye aliyeniomba. Alisema anataka jozi ya pili ya masikio. Hatukukaa hospitali, saa nne na nusu tulikuwa tumemaliza. Alifungua mlango wa mbele kwa ufunguo wake polepole, tukaingia, tukaketi sebuleni bila kuvua chochote. Mlango wa mama mkwe ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nikitazama mkono wa saa ya ukutani na kujiambia kwamba nimekuja kumliwaza rafiki mgonjwa, basi, hakuna zaidi.

Msuguo, mara tatu. Kimya.

Madoa hakunigeukia. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, “Na wewe unasikia?”

“Nasikia.”

Akafumba macho, na machozi yakamtoka. Nadhani yalikuwa ya ahueni. Kisha akanishika mkono, tukapita jikoni, tukafika mlango wa nyuma uliokuwa umerudishwa tu, akausukuma.

Nitasema nilichokiona. Niliona Madoa ameketi kwenye kigoda, ametupa mgongo. Koti la kazi la buluu lilikuwa lake, lenye nembo ya hoteli begani na ule mkono wa kushoto niliomshonea mwenyewe ulipochanika. Kitambaa cha kichwani kilikuwa chake, fundo la upande wa kulia. Mabega yalikuwa yake, yakipanda na kushuka, mara tatu na kimya. Mbele yake beseni la maji ya waridi. Na Madoa wangu, yule wa kweli, alikuwa amenishika mkono huku vidole vyake vikiwa baridi kama bomba. Kwa kitambo kidogo sikujua ni yupi niliyekuja naye.

Aliyeketi akageuka. Alikuwa mama mkwe.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama aliutazama uso wa mkwewe, akanitazama mimi, akajaribu kulifunika beseni kwa upindo wa koti. Kando yake palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo vitambaa vingine, vingi, vikielea. Madoa aliachia mkono wangu, akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akatia kidole majini kama afanyavyo kazini. Akauliza ni damu ya nani.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Siku zake mama zilikuwa zimekoma miaka tisa iliyopita. Wiki ileile Madoa alipokosa siku zake mara ya kwanza, damu ya mama ikaanza tena. Kwanza doa, kisha zaidi. Alifua siku za sindano kwa sababu ndizo siku alizojua nyumba itakuwa tupu; siku za dripu yeye ndiye aliyemsindikiza mkwewe. Vitambaa vya siku nyingine alivificha kwenye ndoo chini ya kitanda, ndani ya maji ya chumvi. Aliposikia mlango, aliingia chumbani kwa kupitia jikoni na kujifanya amelala. Koti alilivaa kwa kuwa buluu haionyeshi doa. Kufua alifua kama alivyofundishwa na Madoa mwenyewe, siku alipojikata kidole na kuchafua shuka jipya. Kitambaa cha kichwani alikifunga hivyo kwa kumwangalia.

Madoa alimuuliza kwa nini hakusema. Nilitegemea jibu tulijualo sote, kwamba nyumba moja haibebi wagonjwa wawili. Alilisema hilo, lakini halikuwa lenyewe. Lenyewe alilitoa baadaye, akiangalia chini.

“Zako ziliponyamaza, zangu zikaja,” alisema. “Nikasema zimenijia mimi kwa kuwa ndiye mwanamke wa pili humu ndani. Nikasema ni amana, mwanangu. Ningekwenda hospitali wangezikausha, na wewe ungepona, ungerudi kuzitafuta, ungekuta sina.”

Uani palikuwa na jua kali, na mimi nilihisi baridi. Maana hilo ndilo jambo ambalo Madoa alikuwa ameniambia, kwenye kikapu cha foronya, kwa maneno mengine. Wale wawili walikuwa wameishi chini ya paa moja na wazo moja, kila mmoja akilificha upande wake wa ukuta.

Madoa alitoa kidole majini, akakitazama. Alikuwa mtu aliyezoea kujua kila doa limetoka wapi na litaondoka kwa nini, na nilimwona anataka kumjibu kama daktari, kwamba mambo hayaendi hivyo, kwamba zake zimelala mahali pake. Alianza hivyo kweli. Mama akamkatiza kwa upole.

“Na kama ni zako? Nikienda wakazikausha, utanidai nini baadaye?”

“Sitakudai kitu, Mama,” Madoa alisema. “Vaa viatu, twende.”

Baadaye aliniambia kwamba alipotamka hayo hakuwa na hakika hata chembe. Upande mmoja wa kichwa chake ulijua kwamba damu inayotoka baada ya miaka tisa ni ya kukimbiza kwa daktari siku hiyohiyo. Upande mwingine uliona anatupa, kwa mdomo wake mwenyewe, kila mtoto ambaye angemzaa.

Walikwenda. Mimi nilibaki, nikamwaga maji ya beseni, nikamaliza kufua vilivyosalia. Sikusugua mara tatu. Nilisugua ovyo, makusudi, ili isikike ni mimi.

Ilikuwa saratani ya mji wa mimba, nayo ilikuwa bado haijatoka nje ya ukuta wake. Daktari alisema wangekawia miezi sita mingine angekuwa anasema maneno mengine. Mume alipopewa habari hospitalini alikaa, akasimama, akakaa, kisha akauliza wanawake wa nyumba yake wameanza lini kufuliana siri. Madoa alisema ndiyo mara pekee aliyomsikia akitania, na sauti haikuwa ya utani. Mama akapangiwa upasuaji wa kuondoa kizazi chote, wiki moja baada ya dripu ya mwisho ya mkwewe.

Siku ya upasuaji Madoa alikaa kwenye benchi la korido na mumewe. Saa nne kamili asubuhi tumbo lilimkata kwa namna ambayo hakuwahi kuipata, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, kisha maumivu yakaachia mara moja kama mtu aliyefungua ngumi. Alikwenda chooni. Hapakuwa na kitu. Muuguzi aliyetoka kuwapa habari aliwaambia mambo yamekwenda vizuri, na kwamba kizazi kimetoka saa nne. Madoa hakumweleza mumewe. Alinieleza mimi, nami nikamwambia ni wasiwasi na njaa, na yeye akakubali kwamba ni wasiwasi na njaa.

Alirudi kazini nywele zikiwa zimeota fupi, laini kama za kifaranga, tofauti na zile za mwanzo. Sindano zilikuwa zimekwisha. Miezi ikapita bila kitu. Daktari alimwambia asubiri, na kwamba hata zikirudi zinaweza kuja kwa kurukaruka, na huenda siku moja zikakoma mapema kuliko za wenzake. Na mtoto, kama atakuja, basi baada ya miaka miwili ya kuangaliwa. Madoa aliyapokea hayo bila kulia. Alisema amechoka kusikiliza tumbo lake.

Mwezi wa kumi baada ya dripu ya mwisho tulikuwa tumeshika shuka, tunakutana katikati, akasimama. Akaniachia pembe zote nne, akaenda chooni. Aliporudi uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

“Zimekuja,” alisema.

Tukamaliza lile shuka, na jingine, na jingine. Sikujua kama nimpongeze au nimuulize. Nilichomuuliza ni kama zinauma, naye akasema ndiyo, zinauma kama zamani, na akacheka kidogo.

Jioni alimwambia mama mkwe kabla ya kumwambia mumewe. Mama, ambaye sasa alikuwa amenenepa na kurudiwa na rangi yake, alikuwa anamenya viazi jikoni. Aliuliza zimeanza lini. Madoa akamwambia ni leo. Mama akauliza saa ngapi. Madoa akamwambia saa nne kamili asubuhi. Mama akaweka kisu chini, akahesabu kwenye vidole, akafika mwisho wa mkono wa pili, akarudia kuhesabu tangu mwanzo, midomo ikienda bila sauti.

“Haya,” alisema. “Zipokee.”

Akachukua kisu, akaendelea na viazi. Madoa alimuuliza alikuwa anahesabu nini, na amemuuliza mara nyingine nyingi tangu hapo, nyumbani, kliniki, hata mbele yangu. Mama husema tu kwamba ni hesabu za watu wazima, kisha huuliza kama mlango wa nyuma umefungwa.